Mtu wa Upande wa Kulia

Hakuna picha iliyowahi kumshinda Fundi. Nasema hivi bila kumpamba, maana namjua kuliko mama yake anavyomjua. Mpe bibi harusi aliyefumba macho, atamfumbua. Mpe picha ya familia yenye shemeji mliyegombana naye, kesho asubuhi shemeji hayupo, na ukuta uliokuwa nyuma yake umenyooka kuliko fundi mwashi alivyouacha. Na Fundi akishamtoa mtu kwenye picha, mtu huyo harudi. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake mtaa mzima, kuanzia kwa kinyozi hadi kwa mchonga funguo, na mwenyewe hakuwa na haya ya kuitaja.

Skrini mpya ilifika studio siku ya Jumatatu, saa tatu asubuhi, ndani ya boksi lililochorwa mishale ya kuonyesha juu ni wapi. Aliyelileta alilibeba mishale ikitazama chini.

Studio yenyewe ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Nyuma ya pazia kuna kamera na kitambaa kilichochorwa milima ambayo hakuna mtu wa mtaa ule amewahi kuipanda. Mbele kuna kaunta, kompyuta, mashine ya kuchapa na benchi la wateja, ambalo mguu wake mmoja umewekewa kalenda ya zamani iliyokunjwa mara nne. Mwenye studio ni Bi Mkubwa. Alianza kazi hiyo enzi za filamu, na mikono yake bado inanuka ile dawa ya kusafishia picha, hata akitoka kuoga.

"Usiibanebane," alimwambia Fundi.

"Bi Mkubwa, mimi si wa jana."

Fundi alibandua nailoni ya juu ya kioo taratibu, kama mtu anayemvua mtoto soksi akiwa amelala. Akachomeka kebo, akawasha, akafungua picha ya harusi ya Jumamosi. Rangi zilikuwa za ajabu. Skrini ya zamani ilikuwa imezeeka ikawa ya manjano, kila mteja akionekana kama ana ugonjwa wa ini. Hii mpya ilionyesha mpaka uzi uliochomoka kwenye kola ya bwana harusi.

Ilionyesha pia, upande wa kulia, pembeni mwa msimamizi wa harusi, mwanamume mmoja wa makamo. Alivaa ovaroli ya bluu, helmeti ya njano ameibana kwapani. Alisimama wima, anatazama mbele, kama mtu aliyeambiwa bado moja ya mwisho. Alikuwa ndani ya maji mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Bi Mkubwa alivaa miwani. "Nani huyo?"

"Ni kivuli. Skrini mpya huwa zina kivuli. Ni kebo tu hiyo."

"Kivuli kina vifungo?"

"Si ubora wa juu huo, Bi Mkubwa."

Fundi aliifunga picha ya harusi. Yule mtu alibaki. Fundi akafungua barua ambayo mteja alikuwa ameiacha ichapwe. Mtu alisimama kwenye ukingo wa karatasi, na kila mstari wa barua ulikatikia begani kwake. Bi Mkubwa alisema barua ya mteja isiguswe, akaenda kuchemsha chai.

Kitabu cha maelezo kilikuwa na jedwali la matatizo, na Fundi alilifuata neno kwa neno. Zima, subiri nusu dakika, washa tena. Alizima, akasubiri, akawasha. Mtu alikuwa palepale, isipokuwa helmeti alikuwa ameihamishia kwapa la pili. Ongeza mwangaza. Fundi akaongeza, mtu akainua mkono kukinga macho. Punguza mwangaza. Mtu akashusha mkono. Fundi aliandika kwenye karatasi: "Mwangaza unafanya kazi." Kwa ukolezi wa rangi, aligundua kwamba ukiupandisha mpaka mwisho unaona matone yakidondoka kutoka kwenye mikono ya ovaroli. Akaweka draiva mpya, akabadilisha kebo mara mbili. Akaisimamisha skrini kwa wima. Mtu akapiga hatua moja kujipatia nafasi, akasimama.

Kinyozi aliombwa kompyuta yake ya kuchezea muziki. Skrini ilipochomekwa kule, mtu alionekana vilevile, na wateja waliokuwa wanasubiri kunyolewa wakasogea kidogo kwenye benchi, kama watu wanavyofanya akiingia mwingine.

"Basi kompyuta yako ni nzima, tatizo ni skrini," kinyozi alisema. "Na huyu mwambie nywele zake zinahitaji mashine."

Saa nane Fundi alimpigia simu muuza kompyuta.

"Tatizo lake nini?"

"Kuna mtu."

"Upande gani?"

"Kulia."

"Anasogea?"

"Yeye hapana. Maji ndiyo yanapanda."

Ilisikika sauti ya kurasa zikifunuliwa. "Kulia si kosa la kiwanda. Angekuwa kushoto tungekubadilishia. Halafu soma dhamana, ukurasa wa nne. Nukta za kioo zilizokufa zisizidi tano. Wewe unao wangapi?"

"Mmoja."

"Basi uko ndani ya kiwango, ndugu yangu. Itumie tu."

Jumanne maharusi walikuja kuchagua picha. Bibi harusi alimtazama yule mtu, maji yakiwa yamemfika magotini, akasema huyo atakuwa wa upande wa mume. Mume akasema hapana, huyo ni mmoja wa wale wajomba wa mke wasiosema na mtu. Walibishana kidogo, wakakubaliana kwamba kwa vyovyote alikuwa amekula. Walichagua picha kumi na nane. Zilipochapwa zilitoka safi. Upande wa kulia hapakuwa na mtu wala unyevu.

"Unaona?" Fundi alimwambia Bi Mkubwa. "Kwenye karatasi hayupo. Ni skrini."

Bi Mkubwa alitandika taulo chini ya skrini, maana meza ilikuwa imeanza kuloa.

Sasa, msije mkamwona Fundi mjinga. Alimjua yule mtu tangu dakika ya kwanza. Alikuwa anajitia hamnazo kwa kuangalia kebo.

Miezi sita kabla ya hapo, kampuni ya maji ilizindua tangi jipya. Fundi aliitwa kupiga picha. Saa tatu asubuhi wafanyakazi kumi na wawili walijipanga mbele ya tangi, chini ya bango lenye tarehe ya siku ile, na Fundi akawaambia wacheke. Wa mwisho upande wa kulia alikuwa mwendesha pampu, mtu ambaye jirani zake wote walimwita Baba Pacha. Saa nne ukuta wa tangi ulipasuka. Wengine walikuwa wameenda kunywa soda. Baba Pacha alikuwa amebaki chini, anafunga koki.

Kampuni iliandika barua kwamba aliacha kazi wiki moja nyuma, na kwamba siku ile aliingia bila ruhusa kuiba mabomba.

Kesho yake meneja alikuja studio. Alikuwa mpole. Alisema picha ni nzuri, ila yule wa mwisho kulia anaharibu safu. Kampuni ndiyo iliyokuwa inampa Bi Mkubwa kazi ya vitambulisho vya wafanyakazi wote, mwaka hadi mwaka, na studio ilikula kutokana na vitambulisho hivyo. Fundi hakuuliza swali. Alifanya kazi kuanzia chakula cha mchana mpaka kufunga. Wanaojua kazi hii wanajua kwamba pengo la mtu huzibwa kwa kile kilicho karibu naye, basi Fundi alinakili kipande cha ukuta, na pale ukuta ulipokataa kukaa sawa alinakili mkono wa mfanyakazi aliyekuwa jirani yake. Meneja alimsifu. Picha ilichapwa kubwa, ikatundikwa kwenye chumba cha mikutano cha kampuni, na hakuna aliyegundua kwamba mfanyakazi wa mwisho sasa ana viwiko vitatu.

Picha halisi ilipotea baadaye, umeme ulipokatika ghafla. Mambo ya umeme mnayajua. Mke wa marehemu alipokuja kuiomba, siku ya tatu baada ya mazishi, Fundi alimweleza hivyo, kwa masikitiko.

Mke huyo ndiye Mama Pacha. Anafuma masweta ya shule kwa mkono. Jumatano saa kumi jioni aliingia studio na mfuko wake wa nyuzi, akasema kampuni imekubali kukaa kikao kesho kuhusu ile barua yao, na amekuja kujaribu tena bahati yake. Huenda umeme umerudisha kilichopotea.

"Sitaki kingine chochote," alisema. "Nataka lile neno la wizi lifutwe. Wanangu wameanza kusoma, mdogo wangu. Kila kilichoandikwa wanakisoma kwa sauti."

Fundi aliona macho ya Mama Pacha yamempita yeye. Mama Pacha alizunguka kaunta, akavuta kiti, akakaa mbele ya skrini. Maji yalikuwa yamemfika mumewe kiunoni.

"Kumbe uko huku," alisema. "Na hizo nguo hazijakauka tu."

Baba Pacha aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyekutwa kachelewa kurudi nyumbani.

Walijaribu kila njia. Fundi alichapa, karatasi ikatoka tupu. Akapiga picha skrini kwa simu. Kwenye simu ilionekana skrini, meza, taulo na chupa ya chai. Bi Mkubwa alitoa kamera yake ya filamu kabatini na kupiga mara mbili, lakini filamu ilikuwa imepitwa na muda kwa miaka tisa na haikuwa na la kusema.

"Basi tutambeba yeye mwenyewe," Mama Pacha alisema.

Alhamisi saa nane mchana walibeba skrini mpaka ofisi za kampuni, Fundi akishika huku na Mama Pacha akishika huku, maji yakichuruzika njiani. Mlinzi wa getini aliwaandikisha watatu.

Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu na feni ya darini. Mwenyekiti wa kikao alikaa katikati, karani kushoto kwake, meneja kulia. Karibu na mlango alikaa yule mfanyakazi jirani wa kwenye picha, ovaroli yake imepigwa pasi. Ukutani, juu ya vichwa vyao, ilikuwepo ile picha kubwa. Skrini iliwekwa mezani, ikawashwa. Baba Pacha alionekana vizuri sana, maana ukumbi ule una mapazia mazito. Maji yalikuwa kifuani.

"Hujambo," mwenyekiti alimwambia, kwa mazoea tu, kisha akakumbuka akafungua faili.

Mama Pacha alisimama. "Mheshimiwa, kabla ya yote, naomba umtazame huyo wa mwisho pale ukutani. Hesabu viwiko vyake."

Mwenyekiti aliinuka, akasogea, akahesabu kwa kidole. Akarudia. "Ni kweli. Vitatu." Akamgeukia mfanyakazi wa mlangoni. "Yule ni wewe?"

"Ni mimi, mheshimiwa."

"Una viwiko vingapi?"

Mfanyakazi alimwangalia meneja. Meneja alikuwa anaangalia feni.

"Vitatu, mheshimiwa."

"Tangu lini?"

"Nimezaliwa navyo. Kwetu tunavyo."

Karani aliandika: vitatu. Hakuna aliyemwomba apandishe mkono wa nguo. Mfanyakazi aliomba kwenda kunywa maji, akatoka, akakaa huko huko.

Meneja alikohoa. Alisema kwa upole kwamba anamwonea huruma Mama Pacha, lakini kikao hakiwezi kuamua jambo kwa skrini mbovu. Skrini mpya zina kasoro zake. Irudishwe dukani. Kwa bahati nzuri mtaalamu yupo hapa, na aulizwe.

"Haya, Fundi," mwenyekiti alisema. "Wewe ndiye mjuzi. Huyu tunayemwona ni picha ya mtu aliyekuwepo siku ile, au ni hitilafu ya skrini?"

Feni ilikuwa inalia kila inapomaliza mzunguko. Mama Pacha hakumwangalia Fundi. Alikuwa ameshika ukingo wa skrini kwa mikono miwili, kama mtu anayeshikilia ngazi ili mwingine apande. Baba Pacha yeye alimwangalia. Aliinua kidevu juu ya maji, akawa anasubiri, vilevile alivyosubiri siku ile aambiwe kwamba picha imeshapigwa na anaweza kwenda kazini. Meneja alikuwa anachezea kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwake. Ile picha ya kwenye kitambulisho Fundi ndiye aliyeipiga, na ndiye aliyeondoa makunyanzi.

"Ni kebo, mheshimiwa," Fundi alisema.

Karani aliandika: kebo.

Barua iliachwa kama ilivyokuwa. Kikao kilichukua dakika ishirini na tano. Maji yalimfika Baba Pacha mdomoni, kisha puani, na mwenyekiti alipogonga muhuri yalikuwa yamepita utosini. Baba Pacha aliivaa ile helmeti. Mama Pacha alifuta kioo kwa leso yake, kwa nje, kwa kuwa ndani hakufikiki, kisha akamwambia Fundi ashike upande wake warudi.

Tangu siku hiyo mambo yametulia. Studio imezoea. Maji hayana tena mahali pa kupanda, na Baba Pacha anasimama ndani yake, ovaroli ikipepea polepole. Bi Mkubwa hubadilisha taulo asubuhi na jioni. Fundi hufanya kazi zake upande wa kushoto wa skrini, na mteja mpya akishtuka huambiwa kwamba huyo hachapwi, huyo ni wa hapa hapa. Vitambulisho vya kampuni vililetwa vyote, kama kila mwaka. Mfanyakazi wa viwiko vitatu alikuja kupigwa chake akaomba apigwe uso tu.

Kila siku saa kumi Mama Pacha huja na nyuzi zake, hukaa kwenye benchi, hufuma, na humsimulia mumewe habari za nyumbani. Kwamba pacha mmoja kang'oka jino. Kwamba mwenzake kaona wivu, kalitikisa lake mpaka nalo limetoka. Hapo mapovu mawili matatu hupanda mpaka juu ya skrini na kupasuka. Anapofunga safari huwa anasema, "Haya, baba, kesho." Pacha wenyewe hajawahi kuwaleta. Wanaijua barua kwa moyo.

Basi hivyo ndivyo ninavyowasimulia wateja wanaouliza. Jana aliuliza bwana mmoja aliyekuja kupiga picha za pasipoti. Aliegemea kaunta, akaonyesha skrini kwa ufunguo wa gari, nami nikaanza, maana hadithi hii nimeshaijua mpaka mahali pa kupumua. Nikamweleza Fundi alivyo hodari. Nikamweleza muuza kompyuta, akacheka. Nikafika pale picha halisi ilipopotea umeme ulipokatika.

"Umeme haukukatika," Mama Pacha alisema.

Hakuinua macho kutoka kwenye sindano zake.

"Nilikuwa nimesimama hapo hapo ulipoegemea wewe, kaka," alimwambia yule bwana. "Feni ile hapo ukutani ilikuwa inazunguka. Huyu akaniambia, 'Subiri kidogo dada, naitafuta.' Akabonyeza, akabonyeza. Kompyuta ikatoa sauti kama mtu anakunja karatasi. Ndipo akaniambia imepotea. Siku ile sikujua ile sauti ni ya nini." Aligeuza sweta, akaanza mstari mwingine. "Sasa nina miezi minane kwenye benchi hili. Kila jioni naisikia, akimwaga takataka za kompyuta kabla ya kufunga."

Nyuma ya pazia Bi Mkubwa aliacha alichokuwa anakifanya.

"Na mwambie huyu mgeni, Fundi ni nani," Mama Pacha alisema. "Maana naona unamtaja kama mtu wa mtaa wa pili."

Yule bwana alinitazama mimi, akatazama kipanya nilichokishika, akatazama tena mimi. Kwenye skrini, chini ya maji, Baba Pacha naye alikuwa ameinua kidevu, anasubiri.

Nikamuuliza mteja kama picha zake anazitaka zenye ukuta wa bluu au mweupe.